Kola ya Koti la Mtihani

4 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo, mwanangu? Kifua kimepona? Sisi wazima, goti langu tu ndilo lenye makelele.

Habari ya koti lako kushika nafasi ya kwanza chuoni imefika, na mimi sikunyamaza. Wateja wote wameipata, hata waliokuja kutia zipu tu. Nimewaambia chuo kinawaamini watoto mpaka mtihani wa kushona wanaufanyia nyumbani bila msimamizi, kwa kiapo tu. Fundi wa meza ya pili akacheka, "Kiapo? Mimi ningeajiri mtu!" Nikamwambia wa kwangu hana tabia hiyo.

Na ile kola, uliona ilivyokaa? Ulipokwenda kuoga niliifumua nikaishona upya, maana ilipinda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mama yako, kichwa kimevimba siku hizi

12 Machi

Shikamoo mama,

Kifua kimepona. Pole na goti.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Kola ndiyo aliyoisifu mwalimu mbele ya darasa. Nilidhani ni yangu. Mama, niliapa kwamba kila mshono ni wa mikono yangu, na nikijua vinginevyo nitasema mwenyewe. Sasa najua. Wanaweza kunifukuza. Sikulaumu, lakini Jumatatu nakwenda kwa mkuu wa chuo.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Leo salamu baadaye. Usiende! Nani anajua? Mimi, wewe na cherehani, na cherehani haina mdomo. Kosa langu nini, kunyoosha kilichopinda? Nilipokushika mkono kukuvusha barabara, kuna aliyenidai kiapo? Nimeshatamba mtaa mzima. Nitapita wapi? Chana barua yangu, umalize masomo.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo mama,

Natumaini hujambo. Barua yako ilinikuta nimeshasema. Wamefuta alama zangu. Sikufukuzwa, ila narudia mwaka. Wenzangu watahitimu bila mimi. Koti jingine nitalishonea nyumbani vilevile, kwa kiapo kilekile. Nilidhani imani hiyo ndiyo watakayoninyang'anya kwanza.

Nijibu, mama, hata mstari mmoja.

Mwanao

9 Mei

Shikamoo mama,

Goti linaendeleaje? Sijapata jibu. Nafanya mazoezi ya kola. Bado zinapinda.

Kitinda mimba wako

28 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na zile mbili za nyuma pia marahaba. Goti lipo. Nilikuwa na hasira; hasira ikaondoka ikaniachia aibu, na mwenye aibu kalamu humtoka mkononi.

Juzi mteja kaniuliza mbele ya watu, "Yule wako wa chuo, ameshahitimu?" Fundi wa meza ya pili akainamia kitambaa chake, kunisitiri. Nikasema, "Hajahitimu. Koti lake lilipita mkononi mwangu bila yeye kujua. Alipojua, akaenda kusema mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza." Mwanangu, katikati ya maneno nikajisikia natamba. Mpaka sauti ilipanda.

Ukija na koti jipya, kaa kwenye cherehani ya dirishani, penye mwanga. Mimi nitakuwa uani. Ukikata vibaya usiniite. Na nikipita nikaiona kola imepinda, itaniuma, nakwambia kweli. Lakini nitatafuta pa kukaa, na mikono yangu nitaikalia.

Mama yako