Kazi ya Kumfanyisha Mazoezi Bi Mwanakhamis

Tumbe, Pemba
Jumapili, 8 Novemba 1959

Mpendwa kaka Jaribu,

Shikamoo. Nataraji barua hii itakukuta wewe, wifi na watoto mkiwa wazima huko Tanga. Je, kile kikohozi chako kimeondoka? Mimi mwili wangu hauna neno, Alhamdulillahi. Ila nyumba imekuwa kubwa.

Tangu tumzike mama mwezi wa Agosti bado napika chungu kizima, kisha nusu nampelekea jirani yetu Mize. Mkono haujazoea kupima mchele wa mtu mmoja. Asubuhi ndiyo ngumu zaidi. Unajua kwamba miaka miwili ile, tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto, kila baada ya sala ya alfajiri nilimfanyisha mazoezi niliyofunzwa na nesi wa Chake Chake: kuukunja mguu na kuunyoosha, kuminya donge la kitambaa, kusimama kwa kushika ukingo wa kitanda. Sasa nikishasali naketi tu.

Basi wiki mbili zilizopita nesi yule aliniletea salamu. Kuna bibi mmoja Chake Chake, Bi Mwanakhamis, naye amepooza mguu, na anatafuta mwanamke wa kumfanyisha mazoezi nyumbani kwake kila siku, kwa mshahara na chumba cha kulala. Wawili wamekwenda, akawakataa. Mimi niliitwa nikahojiwe Alhamisi.

Nilijitayarisha, kaka, kama mtoto wa shule anayengoja mtihani. Sikuwa na mtu wa kumshika mguu, nikakaa kitandani kwa mama nikajinyoosha mwenyewe, nikihesabu kwa sauti mpaka kumi. Nilipoisikia sauti yangu peke yake ndani ya nyumba nzima, nikanyamaza.

Jioni Mize alikuja kunihoji, akijifanya ndiye bibi. Alikuwa mkali kweli. Akanionya kwamba nikiulizwa habari za mama niseme alipata nafuu, niishie hapo, maana hakuna atakayemwajiri mtu ambaye mgonjwa wake kafa. Nikalikariri jibu hilo.

Alhamisi nikavaa buibui langu zuri nikapanda gari la asubuhi. Bi Mwanakhamis alikuwa kitini, mguu juu ya mto. Yote niliyokuwa nimejifunza hakuniuliza. Aliitazama mikono yangu nilipomwamkia, kisha akasema:

"Huyo uliyemfanyisha kabla yangu, yuko wapi sasa?"

Jibu la Mize lilikuwa mdomoni tayari. Lakini kumsema mama kana kwamba yuko nyumbani ananingoja, nilishindwa.

"Ni mama yangu, bibi. Amefariki, yapata miezi mitatu sasa."

Nikaanza kujitengeneza niondoke. Ndipo akauliza kama alifia kitandani bila ya kuinuka. Nikamweleza kama ilivyokuwa: kwamba miezi yake ya mwisho alikuwa akienda kisimani mwenyewe kwa fimbo, mpaka homa ilipomchukua kwa siku tatu. Na kwamba kila asubuhi alinitukana kwa maumivu, nami sikumwacha.

"Na mimi nitakutukana," akasema. Akauteremsha mguu kutoka kwenye mto. "Haya, shika."

Nimepata kazi, kaka. Naanza Jumanne.

Niliporudi Tumbe, Mize alikuwa shamba, kwenye karafuu. Nikafungua mlango, nikasema kwa sauti, "Nimepata." Kisha nikaona haya, nikaingia ndani.

Nyumba nitaifunga, ufunguo atakaa nao Mize. Najua simu ya maandishi ya msiba ilikufikia kwa kuchelewa, wala sikulaumu. Lakini ukipata ruhusa kazini, njoo, hata kwa siku mbili. Watu hapa wamenihani na kunifariji vizuri, ila nataka niketi na mtu mwingine aliyekuwa akimwita mama.

Nisalimie wifi, na umbusu Kificho mdogo kwa niaba ya shangazi yake. Mjomba Nyange anakusalimu, na Mize pia. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na atukutanishe tukiwa wazima.

Mimi nduguyo akupendaye na kukukumbuka,
Mwanawema