Duka Unalolipinga Ndilo la Dawa ya Mwanao

Mwanangu Elia,

Aibu haikukushika? Unasimama mbele ya kanisa zima, unatia sahihi ya kwanza kupinga duka la kuuza dawa ya mtoto uliyemzaa mwenyewe, kisha unapanda lori lako unapotelea barabarani, sisi unatuachia macho ya watu. Simu zangu hupokei. Basi nimeandika, na mkeo Neema ataipiga picha barua hii akutumie. Anayetaka kuisoma asinyimwe. Wewe ulisema hadharani, na mimi nasema hadharani.

Maneno yako nayakumbuka. "Tumeikimbia bangi Kongo, leo itufuate ng'ambo mpaka Richfield?" Watu wakaitikia amina. Wenye uraia wakapanga foleni nyuma yako kutia sahihi, maana wewe ndiye wa kwanza wetu kuapishwa uraia, ukiinuka wanaona njia. Sasa sahihi zimetosha. Mwezi wa kumi na moja mji utapiga kura: maduka ya dawa ya bangi yaruhusiwe hapa au yapigwe marufuku.

Hofu yako naijua ilikotoka, tuliipata pamoja. Ulikuwa na miaka saba. Tulilala kifudifudi katika muhogo wa baba yako, wale wanaume wamekaa njiani wanavuta bangi, wanacheka, bunduki mapajani. Moshi ukatujia. Ukataka kukohoa, nikakuziba mdomo kwa kiganja, ukaning'ata, na mkono sikuutoa. Walipoinuka ukaninong'oneza, "Mama, wanakwenda kwetu?" Tangu siku ile jirani akichoma majani tu, wewe unafunga dirisha. Sijawahi kukucheka. Na mimi nafunga langu.

Kwa hiyo usidhani mama yako amelainika. Neema alipoleta kile kichupa cha matone ya bangi mara ya kwanza nilimwambia, "Hiki hakitalala nyumba ninayolala mimi." Nikamfuata hadi lile duka la ng'ambo ya mji, nimejiandaa kugombana. Nilitegemea vijana wenye macho mekundu. Wakaniweka kwenye viti vya kungojea, pembeni yangu bibi wa Kizungu na mkongojo wake, ananiuliza hali. Mwanamke mwenye koti jeupe akatoka kumweleza Neema matone mangapi asubuhi, mangapi jioni, na dawa za hospitali tusiziache. Moshi hakuna. Nilinusa kila pembe, watu wananitazama. Nikarudi nyumbani nimeudhika, maana sikupata wa kugombana naye.

Sasa njoo kwa mwanao Tumaini. Unakumbuka alivyoanguka kwenye harusi ya binamu yako? Watu wetu wakarudi nyuma, wakavuta watoto wao, ati kifafa kinarukia mtu kwa povu. Ni wewe uliyepiga magoti sakafuni na suti yako mpya, ukamlaza ubavu, ukampangusa lile povu kwa tai yako. Hukumtazama mtu usoni. Siku ile nilijivuna kukuzaa, na sikukwambia, kwa kuwa ungevimba kichwa.

Sisemi mtoto amepona, mimi si daktari. Ila zamani hatukumaliza siku mbili hajaanguka, na sasa wiki zinapita. Jana aliniambia kwa Kiingereza chake cha puani nimwache, uji atamimina mwenyewe. Akaumwaga nusu mezani. Nilimgombeza, huku nacheka mpaka nikakaa.

Lakini tunavyoishi hujui, wewe uko na lori lako. Duka ni mabasi mawili na treni, na Neema anakwenda akitoka zamu ya kutunza wazee, miguu imemvimba. Baridi iliyopita theluji ilifunga njia, dawa ikatuishia. Mtoto akaanguka kwenye ngazi za jengo, jino likatoka. Tulikuficha, ulikuwa mbali na usukani mkononi. Basi ujue leo. Tangu hapo nikiona wingu zito nakiinua kichupa dirishani nione kimebaki kiasi gani, nakirudisha, muda si mrefu nakiinua tena. Lile duka jipya likifunguliwa hapa ningekwenda na kurudi maharage yakiwa bado jikoni.

Jumapili Mama Riziki alinisubiri mlangoni pa kanisa. "Mama Elia, nasikia siku hizi kwako mmelima shamba!"

Nikamwambia, "Tumelima. Njoo na jembe, palizi imetushinda."

Akina mama wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini huyo mama na mumewe wana kura. Mimi sina, uraia wangu bado. Neema hana. Katika nyumba hii mwenye kura ni wewe peke yako, na unakwenda kuipiga dhidi ya mtoto wetu.

Wale wanaume siwasamehe, na wewe sikwambii uwasamehe. Ila usimtoze Tumaini deni lao. Yeye hakuwapo.

Sasa sikiliza, na usinijibu kwa ujumbe wa maneno mawili. Kichupa kinaisha Alhamisi. Mwambie bosi wako mtoto anaumwa, geuza lori, uje. Utampeleka Neema dukani mwenyewe, utakaa kwenye viti vile, utamuuliza yule wa koti jeupe kila unachokiogopa. Jioni utampa mwanao matone kwa mkono wako, mimi nikikutazama. Kisha utakwenda kwa kila nyumba iliyotia sahihi nyuma yako, ukianza na ya Mama Riziki, uwaambie ulikosea na kura yako sasa iko wapi. Anza safari leo.

Mama yako