Sanduku la Mzee Erastus

Machakos,
Jumapili, 18 Agosti 2002

Mpendwa Habon,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mdogo wako Ayanle, na kwamba miguu ya mama Sainab imepata nafuu baada ya ile dawa mliyotoka nayo Nairobi. Huku kwetu ni ile baridi ya Agosti unayoikumbuka. Ukungu hauondoki kwenye milima ya Iveti mpaka saa tano, na mbuzi wanaletwa sokoni mbavu nje kwa sababu mvua ya Aprili ilitudanganya. Mimi mwilini sina shida. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nikae siku kumi na moja bila kukuandikia. Nakuomba uyasome ukiwa umeketi, na uyasome peke yako kwanza.

Nianzie pale tulipoachia Desemba, ulipokuja Nairobi na Ayanle. Uliniambia amenyimwa kitambulisho mara mbili, kwa kuwa mtoto wa mtu aliyetolewa nchini hawezi kuhesabiwa kuwa mwananchi. Nikakwambia naandika tasnifu yangu juu ya wafanyabiashara wa mifugo wa Machakos, na kwamba nitashinda maktabani mwaka mzima. Ukanishika mkono. Ulisema kama katika makaratasi hayo nitaona jina la mtu aliyepeleka maneno serikalini juu ya baba yako, mzee Aweys, mwaka ule wa 1989, nikwambie. Hukutaka kulipiza kisasi, ulisema, ila mama yako amezeeka akimshuku kila jirani mliyewahi kuishi naye, na ungependa amshuku mmoja tu. Nikakujibu kwamba tutampata. Nakumbuka nilivyolisema neno hilo, bila hata kumeza mate.

Basi nikaanza. Maktaba ya chuo ina ghorofa nne, na karatasi za zamani ziko katika ya tatu, katika chumba ambacho huingii na mkoba wala kalamu ya wino, penseli tu. Anayekitunza ni Bi. Loise, mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukutazama. Siku ya kwanza nilimpelekea orodha ya vitabu. Akaisukuma kando, akaniambia kwamba vitabu vitanieleza walichosikia watu, lakini yeye anaweka walichoandika watu wakiwa palepale: vibali, rejista, barua, malalamiko. Alinifundisha kutafuta katika madroo ya kadi kwa jina la mahali, si kwa jina la jambo, kwa sababu karani wa zamani hakuandika "uonevu", aliandika "Masii".

Na kwa Masii nikapata kitu. Ni barua ya babu yako, ya mwaka 1944, akiomba kibali cha kuswaga mbuzi sitini hadi Athi River. Mwishoni anaomba aongezewe wiki moja, kwa maana mke wake amejifungua mtoto wa kiume hapo Masii siku nne zilizopita, na mtoto amepewa jina la Aweys. Habon, nililia mle ndani. Baba yako alizaliwa Masii, na serikali yenyewe ilipigia karatasi hiyo mhuri. Bi. Loise ameitolea nakala iliyothibitishwa. Iko ndani ya bahasha hii, na ndiyo ya kumfaa Ayanle. Ishike vizuri kabla hujaendelea kusoma.

Ilipasa niishie hapo. Lakini Bi. Loise, kwa kutaka kunisaidia, akanitajia sanduku ambalo halijawahi kufunguliwa. Lilikuwa la mzee Erastus, yule marehemu wa kule juu karibu na misheni, aliyeketi kwenye kamati ya wazee wakati watu wenu walipokuwa wakiitwa kuthibitisha uraia. Mzee yule hakutupa karatasi hata moja maishani mwake, na alipofariki, mjane wake alizitoa zote kwa maktaba. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba msomaji aombe ruhusa kwa familia.

Nikamwandikia mjane. Alijibu kwa mwandiko wa kutetemeka kwamba ameruhusu, ila alishangaa, kwa kuwa mimi si wa kwanza. Miaka miwili iliyopita alikuja mwanamume mara mbili, akiomba arudishiwe barua fulani iliyokuwa kwa marehemu. Hakutaja jina. Mjane alikumbuka kuwa ni mtu mfupi, mwenye adabu, na mkono wake wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Nilisoma mstari huo mara tatu, kisha nikajiambia kwamba wachinjaji wengi hupoteza vidole, si baba peke yake.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani, tukila chakula cha mchana. Nikalitaja lile sanduku, kama mtu anayesimulia kazi yake tu. Mama aliinuka na sufuria ambayo ilikuwa bado imejaa, akaenda nayo jikoni, na hakurudi. Baba aliendelea kutafuna. Kisha akaniuliza kama shahada inahitaji mambo ya marehemu, mimi nikamjibu kwamba historia yote ni mambo ya marehemu. Akanawa mikono polepole, akajifuta, ndipo akasema, "Ndanu, usilifungue. Hujui utakutana na nani humo."

Nilidhani anajizungumzia yeye.

Wiki hiyo Bi. Loise aliniambia kuna mtu amepiga simu maktabani mara mbili, akidai ni wa ukoo wa mzee Erastus, akitaka sanduku lizuiwe. Bi. Loise akampigia mjane, na mjane akasema hakuna mtu kama huyo katika ukoo wao. "Mwanangu," aliniuliza, "kuna mtu anayekufuata?" Nikasema hapana. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nikisikia mlango wa chumba kile ukifunguliwa, natazama nyuma.

Nililifungua Jumatano, tarehe saba. Juu kulikuwa na risiti za kanisa na picha za harusi. Chini, katika faili lililofungwa kwa kamba ya katani, kulikuwa na barua arobaini na tatu, zote za majirani, zote juu ya majirani. Mmoja anasema fulani si wa hapa, na aya inayofuata analalamikia kisima. Mwingine anaapa mbele ya Mungu kwamba duka la fulani ni la mgeni, na anauliza litapewa nani. Nilisoma ishirini na mbili. Nilikuwa nikijiambia kwa kila karatasi: na iwe hii, Mungu wangu, na iwe hii.

Ya ishirini na tatu ilikuwa imeng'olewa katika daftari la hesabu, lile la miraba. Haikuwa na jina chini, ila "Raia Mwema". Sikuhitaji kuisoma. Niliona herufi "g" zilizopindwa mkia kulia, jambo ambalo mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa akinichapa niliache, na mstari chini ya kichwa cha barua, uliopigwa kwa rula, mara mbili, kwa sababu nilikuwa mtoto nadhifu.

Habon, ni mwandiko wangu.

Sasa nitakueleza yote, na sitajipunguzia. Ilikuwa Novemba, tuko darasa la sita. Baba alikuwa ameng'ang'ania kwa miaka ile ardhi ya zizi la baba yako, pale karibu na soko, na hakuipata. Aliniita nyuma ya bucha yake. Mwandiko wake mwenyewe kila mtu mjini aliujua, kwa vile aliandika kwenye ubao wa nje kila asubuhi. Akaniambia nilete daftari na niandike anavyosema. Aliposema mzee Aweys alizaliwa ng'ambo ya mpaka, nilisimamisha kalamu nikamwambia si kweli, alizaliwa Masii, Habon ameniambia. Akasema, "Andika." Nikaandika.

Halafu akaniuliza kama wewe hujawahi kunitajia lolote kuhusu kitambulisho cha baba yako.

Unakumbuka uliniambia. Tulikuwa tumekaa chini ya tangi la maji la shule, ukaniapiza nisimwambie mtu, kwamba kitambulisho cha mzee kiliungua pamoja na kibanda chake cha Masii, na kwamba anatembea na kikaratasi cha kungojea kingine, na mama yako hana usingizi kwa ajili hiyo. Hakuna mwingine aliyejua. Baba yangu hakujua. Kamati haingejua. Nilimwambia baba, Habon. Hakunipiga wala hakunitisha. Aliuliza, nikafurahi kuwa na jibu. Likawa ndilo neno zito katika barua yote, nami ndiye niliyelitoa. Tulipomaliza alinichomea figo la mbuzi, ambalo huwa hampi mtoto wa kike, nikalila lote nikiwa nimesimama.

Siku tisa baadaye gari la serikali lilikuja kumchukua baba yako. Nilikuwa dirishani. Nilimwona mzee Aweys akitoa kile kikaratasi mfukoni, akikionyesha, na yule askari aliyekishika hakukitazama hata kidogo, kwa sababu alikuwa tayari anajua. Mlipopata habari kwamba amefia kule Kismayu, ng'ambo ya mpaka, vita vilipoanza, mama yangu alileta uji kwenu nami nikaubeba. Na nyumba tunayoishi leo, ambayo ulisema Desemba ungependa kuiona, imejengwa juu ya lile zizi.

Utaniuliza kama nilikuwa nimesahau. Sikusahau. Nilijiaminisha kwamba barua yetu haikufika, au ilifika ikatupwa, na kwamba mtu mwingine aliandika nyingine. Ndiyo maana nilikubali upesi vile uliponiomba nitafute. Miezi yote hii mle maktabani nilikuwa natafuta barua ya mtu mwingine.

Na kuna hili pia. Bi. Loise aliitwa kwenye simu, nikabaki peke yangu chumbani. Niliikunja ile karatasi nikaitia ndani ya daftari langu, nikashuka nayo ngazi mpaka mlango wa nje. Hakuna aliyenisimamisha. Nilisimama barazani kitambo, watu wakipita, na nilifikiri jinsi nitakavyokuandikia kwamba sikuona kitu. Nilikuwa hata na maneno yake. Kisha nikamfikiria Ayanle kwenye foleni ya tatu, nikapanda tena. Nilimkabidhi Bi. Loise na kumweleza ni mwandiko wa nani. Hakunikaripia. Alivua miwani zote mbili, akaipa karatasi namba kwa penseli, akaiandika katika rejista. Sasa haiwezi kupotea tena, hata mimi nikitaka.

Baba nimemwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nikiituma nakala hii nihesabu nimemzika. Siku tatu sasa hajafungua bucha. Anakaa uani akitazama lango, na mama amenisihi nisilale pale; nimehamia kwa rafiki yangu Mutheu, upande wa stadiamu. Sijui baba atafanya nini. Mimi nimeshafanya.

Kwa hiyo ndani ya bahasha zipo nakala mbili, ya barua ya babu yako na ya barua yangu. Wakili niliyemwona anasema zikiwekwa pamoja, pamoja na kiapo cha aliyeandika, kesi ya Ayanle itasikilizwa upya. Kiapo nimekitia sahihi Ijumaa, na jina la baba limo. Mkipewa siku, niandikie kwa anwani ya chuo, nami nitafika huko kwenu Garissa kusema kwa mdomo wangu. Ukiniona mlangoni si lazima unisalimie. Nitasema, kisha nitapanda basi la kurudi.

Msamaha siuombi kwa karatasi. Ukitaka kunijibu, nijibu, ukinyamaza, nitaelewa. Mwambie Ayanle namtakia heri. Kwa mama Sainab sitoi salamu. Wewe ndiwe utakayeamua kama jina langu litatajwa mbele yake, na kwa namna gani.

Aliyeziandika barua zote mbili,

Ndanu wa Kimeu