Niliiruka Kompyuta ya Lukelo

Mshauri wangu, shikamoo. Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimekosa raha kabisa. Mimi ni fundi wa kompyuta katika shirika la utafiti wa mpunga hapa Ifakara, na kila saa kumi na moja jioni nahakikisha wote wametoka kwenye akaunti zao ndipo nianzishe bakapu, yaani kunakili kazi zao za siku pembeni, kwa sababu mtu akiwa bado kazini mafaili yake yako wazi na nakala haitoki sawasawa, sasa kuna mwenzangu, Lukelo, anayeandika mahojiano ya wakulima wa Lupiro, yeye huwa anabaki, "Digna, niongezee nusu saa tu," nami namwongezea, ananisomea maneno ya wazee aliowahoji, tunacheka, na mshauri, hiyo nusu saa nilikuwa naisubiri tangu asubuhi. Nikawa naiacha kompyuta yake bila bakapu, najiambia nitaichukua kesho, hadi zikapita wiki tatu. Jumatatu diski yake ikafa na mahojiano sabini ya wiki hizo yakapotea. Bosi wetu, mama Brigitha, akauliza mbele ya wote nakala ziko wapi, nikajibu, "Lukelo huwa hatoki kwenye kompyuta." Lukelo amepewa barua ya kumtaka ajieleze hadi Ijumaa, na sasa yuko Lupiro na pikipiki anawatafuta wakulima upya, na mimi jioni watu wote wanatoka kwa wakati, bakapu inakwenda vizuri, nakaa natazama kiti chake na kutamani aniombe nusu saa. Nikisema ukweli nitapoteza kazi, na yeye nitampoteza. Nifanyeje?

Digna, Lipangalala

Marahaba, Digna. Pole. Kumpenda mtu si kosa. Lakini ungeweza kumwambia, "Toka dakika kumi nichukue nakala, kisha urudi." Hukusema, uliogopa akitoka ataondoka moja kwa moja. Halafu ulipoulizwa ukasema nusu ya ukweli, na nusu uliyoificha ndiyo inayomponza mwenzako. Aibu, mwanangu!

Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi ingia kwa mama Brigitha, useme, "Niliiruka mimi, wiki tatu." Mapenzi usiyataje, hayo si ya ofisini. Diski hiyo isiwashwe tena, ipelekwe kwa mtaalamu, huenda kitu kikaokolewa. Kisha nenda Lupiro umwambie Lukelo ana kwa ana, si kwa meseji, na umwombe akupe mahojiano uyaandike naye. Akikataa, rudi nyumbani.

Huenda akakuchukia, ni haki yake. Ila leo yuko huko anajiuliza alikukosea nini. Nenda ukamjibu.