Gari la Kumrudisha Mama

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako barazani, kofia umeiweka pembeni, na goti limekuachia kidogo. Mama anaendeleaje? Swali hilo nimemwuliza kila mtu kwa simu na kila mtu ananijibu "yuko sawa tu". Lakini "yuko sawa" ya kwetu naijua. Hata yule ng'ombe wetu mwekundu alikuwa sawa tu mpaka asubuhi tuliyomkuta amelala hainuki. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Anakula? Miguu imeshuka uvimbe? Anashuka ngazi za jikoni mwenyewe ama anashikwa mkono? Mimi ni mzima wa mwili, kazi naenda, ila usingizi umenikimbia.

Najua utaigeuza karatasi hii huku na huku ukijiuliza Wakesho amepatwa na nini, siku hizi nani anaandika barua. Nimeandika kwa sababu simu imetushinda, mimi na wewe. Nikikupigia unasema "sawa, sawa", halafu unampa Mwadime kabla sijamaliza. Naye huyo kaka yangu akishika simu anaweka spika, nyumba nzima inasikia, hadi kuku. Barua anakuletea dada mmoja wa Ronge tunayesali naye huku Uskoti, anakuja likizo. Nimemwambia akupe mkononi mwako. Isome ukiwa peke yako.

Ni habari ya gari.

Tangu ile Alhamisi ya mvua, gari la jirani liliponasa kwenye matope na Mama akakosa mashine ya kuosha damu, mimi si mtu, Baba. Kesho yake Mwadime alinitumia picha, uso umevimba mpaka macho yamebaki vistari. Ilinikuta kazini, kwa bibi mmoja mzee, nimeinama namvisha soksi. Nikakaa pale pale sakafuni. Yule bibi wa watu akaniuliza ni nani amekufa. Nikamjibu, hakuna, bado. Hilo "bado" lilinitoka bila kutumwa na limenikaa tumboni hadi leo.

Ndiyo maana nikasema linunuliwe gari la nyumbani, la kumshusha Mama Voi kila Jumatatu na Alhamisi na kumrudisha. Pesa zake zipo, hilo usiniulize. Kinachonitoa jasho ni tuchukue lipi. Yule muuzaji wa Voi ametuwekea mawili mpaka mwisho wa mwezi, yote yameshatumika ng'ambo: lile dogo jeupe linalotumia stima peke yake, bila tone la petroli, na lile la kijivu, haibridi, lenye injini ya petroli na betri pamoja. Akamruhusu Mwadime ayajaribu moja moja, na mimi nikabaki huku roho juu juu nangoja majibu, kama anayengoja matokeo ya mtihani.

Sikufichi, mimi nilikuwa upande wa lile jeupe. La kampuni ninaloendesha huku, kuzunguka nyumba za wazee wangu, ni la umeme na halijawahi kunigomea. Halina harufu, na unajua Mama na harufu ya petroli, hafiki Mwatate kabla hajaomba kushuka. Tena nilishapanga kila kitu kichwani. Mama anakaa kwenye mashine masaa manne. Mwadime analipeleka gari kwa Shangazi pale Kaloleni, hapo hapo Voi, anapitisha waya dirishani, gari linakunywa stima wakati Mama anaoshwa damu. Na kutoka kwetu mpaka Mwatate ni mteremko mtupu, na gari la namna ile likishuka linajirudishia chaji lenyewe. Mwadime alipoelewa hilo, akawa analihubiri kama yeye ndiye aliyeliunda.

Wewe ukasema, "Nunua ile unataka."

Baba, nimekuwa binti yako maisha yangu yote. Ukilikubali jambo, kwanza unabisha. Unabisha mpaka mtu anatamani kuliacha, halafu unasema haya, fanyeni. Usipobisha ndipo ninapoogopa. Maneno hayo hayo ulimwambia Shangazi alipotaka kuolewa na yule fundi wa redio, na sote tulikuwepo ilipoisha. Nilikata simu, nikakaa na koti mwilini, nikasahau hata kama nilikuwa nataka kutoka.

Habari ya ndovu nayo nimeipata, na haikutoka kwako. Nimeisikia kwa Mwadime, na nilimbana sana ndipo akaitoa. Ati mlikuwa mnarudi kutoka Voi na lile la kijivu, hamjafika kwenye mikonge, mkawakuta wanavuka. Mwadime akasimama kwa heshima, kama ulivyomfundisha. Sasa haibridi ikisimama, injini inajizima yenyewe kuokoa mafuta, ndivyo ilivyotengenezwa. Na wewe, na miaka yako yote ile ya kuendesha lori, ukasikia kimya. Ukasema "imekufa hii", ukafungua mlango, ukashuka kwenda kuinua boneti. Mbele ya ndovu mwenye mtoto! Mwadime anasema alikuvuta kwa koti mpaka kifungo kikaruka, na yule mama ndovu alikuwa ameshatanua masikio.

Wewe, Baba, uliyetuambia tangu tukiwa wadogo kwamba ndovu akiwa barabarani hata dirisha haliteremshwi. Nilicheka mwanzo, sitasema uongo. Halafu nikakiweka kikombe chini, nikaacha kucheka. Ningepigiwa simu niambiwe nini? Kwamba baba yangu ameuawa akitengeneza gari ambalo halijaharibika? Tafadhali. Kama utakubali kujifunza gari la siku hizi, jifunze. Kama hutaki, kaa kiti cha nyuma na Mama.

Baada ya hayo, Mwadime akasema basi, mjadala umekwisha, la stima ndilo salama, kwa sababu lenyewe liko kimya siku zote na Baba hawezi kulidhania limezima. Jumatatu iliyofuata akampeleka Mama nalo. Kushuka kulikuwa raha tupu, walifika Mwatate na chaji zaidi ya waliyoanza nayo kule juu kwenye kona za Josa. Kufika Kaloleni, amechomeka waya tu, stima ikapotea. Ikarudi, ikapotea tena. Shangazi anasema mtaa mzima ulikosa stima mpaka friji ikaanza kumwaga maji. Mama alipomaliza, wakaanza safari ya kurudi na kile kilichokuwepo.

Hebu fikiria mimi huku. Nimeegesha nje ya nyumba ya mgonjwa, siingii, natazama simu. Naujua ule mlima unavyonyonya betri. Nikaona Mama amelala ndani ya gari lililosimama pale juu, ukungu umeshuka, hakuna wa kuwasukuma. Mwishowe simu ikalia. Mwadime anapiga kelele kama ameshinda kombe, "Tumefika! Imebaki kidogo sana, lakini tumefika!" Nami nikashukuru Mungu kwa sauti, barabarani, wazungu wakinitazama. Nilikuwa tayari kumwambia muuzaji tunachukua jeupe.

Kesho yake Mama akanipigia. Yeye mwenyewe, kwa simu yake, na unajua Mama hapigi simu, anapigiwa. Akaniambia kuhusu maparachichi, akanieleza jogoo mpya wa jirani anavyomkosesha usingizi. Nikajua kuna neno linakuja. Akasema lile gari jeupe ni zuri, halina harufu kabisa, hakutapika hata kidogo.

"Ila ni baridi," akasema.

Nikamwuliza baridi namna gani. Akasema walipofika Mwatate, kijana wetu alizima ile hewa ya moto. Yeye akajifunga leso zote mbili, akaweka mikono katikati ya magoti, na wakafika salama. Akaniomba nisimwambie Mwadime, maana alikuwa amefurahi sana.

Baba, wewe umemwona akitoka kwenye ile mashine. Anatoka anatetemeka kama kifaranga aliyeloa, hata jua la Voi likiwaka. Na hapo ndipo tulipompandisha mpaka kwetu Wundanyi kwenye ukungu, bila joto, kwa sababu joto linakula betri na betri ilihitajika kwa mlima. Simlaumu Mwadime. Angefanyaje? Mimi mwenyewe nafanya hivyo hivyo huku. Theluji ikianguka nazima hita, navaa makoti mawili na glavu, ili chaji inifikishe kwa mgonjwa wa mwisho. Gari linafika, mimi nafika nimeganda vidole, na sikuwahi kuona kwamba hilo ni tatizo la gari. Niliona ndiyo kazi. Sisi sote tulikuwa tunapiga hesabu ya gari kufika nyumbani, hakuna aliyeuliza Mama atafika katika hali gani. Naye mwenyewe hawezi kusema, utadhani ukiugua unapoteza na haki ya kusikia baridi.

Kwa hiyo nimegeuka. Tuchukue la kijivu. Injini yake inatoa joto hata mkipanda mpaka mbinguni, na stima ikipotea Kaloleni siku mbili mtarudi tu. Harufu ya petroli si kubwa kama ya gari la jirani, Mwadime anasema karibu haipo, lakini Mama apewe alipande kwanza kabla hatujalipa chochote. Usifikiri nimepata amani. Na lenyewe lina betri ambayo nayo imezeeka, fundi wake anayeijua yuko Mombasa, na mimi nimeshaanza kuota likizima kwenye kona. Gari lisilo na wasiwasi sijaliona, labda halijatengenezwa.

Nisalimie Shangazi, umwambie waya wake umefanya kazi yake, kosa ni la stima. Nisalimie na jirani. Hata kama gari lake lilinasa, ni yeye aliyetubeba miezi yote hiyo na sijasahau. Mwadime mwambie nampenda, na usimgombeze habari ya hita, nitamwambia mwenyewe polepole. Mama mpe soksi nzito na blanketi dogo alilobeba dada wa Ronge. Blanketi likae ndani ya gari, lisiwekwe kabatini kungojea wageni.

Sasa, Baba, jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwadime aliniambia kwamba siku mlipokwenda kwa yule muuzaji uliuliza swali moja tu. Uliuliza betri ya lile jeupe itadumu miaka mingapi. Mzee yule akakujibu kwa Kiswahili chake cha pwani, "Mzee mwenzangu, ukiitunza yakufaa miaka minane, inshallah, hata kumi." Hukujibu kitu. Ukaenda kusimama kwenye ua, ukatazama barabara, mpaka walipokuja kukuita. Na siku hiyo hiyo ndiyo uliyoniambia ninunue ile nataka.

Mwadime alidhani umechoka na jua. Mimi aliponisimulia, miaka minane niliisikia namna ulivyoisikia. Sikuwa nafikiria betri. Tena nafikiri ndiyo sababu nililing'ang'ania lile jeupe: nilitaka kununua miaka yote minane kwa mara moja, niiweke pale uani, Mama aione.

Nakuomba kitu. Siku gari litakapofika nyumbani, kabla Mama hajaingia, fanya kama Babu alivyokuwa akifanya jambo jipya likiingia bomani. Chukua maji mdomoni, uyapulize nje, useme linalokukaa rohoni, uchukue mengine, useme tena, mpaka roho iwe nyeupe. Ndiyo kutasa kwa wazee wetu, Baba. Najua wewe ni mzee wa kanisa. Mchungaji akipita akikukuta, mwambie unaosha kioo. Lakini lile ulilokwenda kulinyamazia kwenye ua, liseme hapo kwa sauti, Mama akiwa amesimama karibu nawe.

Usiogope kwamba utamshtua. Siku ile alipomaliza habari ya baridi hakukata simu. Akaniambia hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie baba yako asiwe anakwenda kusimama peke yake. Mimi pia naogopa. Aje tuogope pamoja."

Ni mimi binti yako,
Wakesho