Barabara Imemfikia Baba Yako

Perry Barr, Birmingham

Mwanangu Makori,

Sisi huku tu wazima, na baridi imepungua kidogo. Dada yako Kwamboka bado anatunza wazee, na mtoto wake ananijibu Kiingereza hata nikimwita kula. Wewe kile kifua kimepona? Usiache kuvaa sweta.

Picha ya kaburi jipya nimeiona. Makori, barabara hiyo ya serikali naijua. Babu yako aliilima kwa jembe kutoka mjini mpaka mtoni, Mzungu akimsimamia. Nilipoolewa ilikuwa ya murram, udongo mwekundu tu, na vumbi lake lilinichafulia nguo ya harusi. Ilipowekwa lami ikala ua wetu na miparachichi yote. Sasa wanaipanua tena, na imemfikia baba yako alikolala.

Ulisema kwa simu, "Mama, greda la barabara lilikuwa langoni, ningefanya nini?" Ungenipigia kabla, si baada. Ningekuja. Mume wangu anafukuliwa na mimi niko huku nachambua mboga!

Na hapo ulipomhamishia, nimemwambia Kwamboka aikuze picha. Upande mmoja ni ukuta wa jirani, na upande wa pili umeshajenga banda la kuku. Kwetu mke huzikwa kando ya mumewe, na wewe unajua. Usiniulize tena nitarudi nyumbani lini. Niambie kwanza umeniachia nafasi wapi.

Kula vizuri, mwanangu.

Mimi mama yako,
Peninah