Magauni Matatu Meusi

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisikilize na usinicheke, maana nakuandikia nikiwa nimefunga kibanda changu cha ushonaji mchana kweupe na wateja wanagonga. Mimi ni mdogo wake yule mwanamke aliyehukumiwa kwa kumwekea sumu mumewe, kisha mama yetu mzazi, ili alipwe bima, bila shaka umesikia, redio zilimsema mwezi mzima. Watu wanamwita shetani, ila kwangu mimi yeye ndiye aliyenilea tangu baba afariki, akanisomesha ufundi, cherehani ninayotumia alininunulia yeye, hata nikiumwa kichwa alikuwa anaacha kazi zake aje kunikanda. Sasa wiki iliyopita nimekwenda kumwona gerezani, rufaa yake inasikilizwa mwezi ujao, akaniambia kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, lile daftari lako la vipimo lichome."

Kwenye daftari hilo ninaandika kila mteja, vipimo vyake, kitambaa na tarehe, ndivyo alivyonifundisha mwalimu wangu. Dada alikuja kupimwa magauni matatu meusi ya mikono mirefu, yeye ambaye nyeusi hakuwahi kuivaa, akasema ni ya kazini. Siku hiyo shemeji ndiye aliyemleta kwa pikipiki, mzima wa afya, ananitania kwamba nanenepa. Wiki tatu baadaye akafa, dada akavaa la kwanza. Baada ya miezi mitano tukamzika mama, akavaa la pili. La tatu bado linaning'inia hapa dukani na karatasi ya jina lake, alikamatwa kabla hajalifuata. Mahakamani niliulizwa kama niliona jambo lolote la ajabu, nikasema sikuona. Dada anasema nikilichoma daftari atatoka na tutaishi pamoja kama zamani, na kweli mimi sina mtu mwingine, hata bima ya maisha alinikatia na mimi, fomu akajaza mwenyewe nikasaini tu, nani mwingine ananijali hivyo? Nisipolichoma, si nitakuwa nimemfukia mzimamzima? Nifanye nini?

Fundi mwenye mawazo

*

Fundi, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Kulelewa si jambo dogo, na sikulaumu kwa kumpenda dada yako. Lakini acha kujizuga. Uliulizwa ukasema hukuona, na ulikuwa umeona, ukaandika na tarehe. Kutunza daftari hakumfukii mtu. Waliofukiwa ni shemeji yako na mama yako, na katika barua yote hii sikuona hata mstari mmoja wa kumlilia mama. Hapo umeniudhi, nakwambia ukweli.

Usichome kitu. Piga nakala ya kila ukurasa, halafu tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe wa dada yako, kwa sababu ulidanganya mbele ya hakimu na hilo inabidi uliseme ukiwa na mtu wa kukuongoza. Yeye ndiye atakayekupeleka kwa waendesha mashtaka. Utaogopa, na utakwenda hivyohivyo. Gerezani usiende mpaka rufaa iishe. Sabuni na dawa ya meno mtume mtu ampelekee. Na kesho asubuhi, kabla hujafungua kibanda, nenda kampuni ya bima ukaulize ile fomu uliyosaini inasemaje: ukifa, analipwa nani. Jibu ninalo tayari, ila nataka ulisome kwa macho yako.

Mwenzangu, hebu rudi kwenye daftari lako uhesabu. Shemeji, gauni moja. Mama, gauni moja. Muda wote huu umekaa chini ya lile la tatu ukiwashonea watu nguo za harusi, ukidhani ni mzigo wa mteja uliochelewa kuchukuliwa. Usilifumue wala usimpe mtu. Lifunge, ulipeleke pamoja na daftari. Ulilishona vizuri, kwa mkono wako mwenyewe, na lilikuwa la kuja kukuzikia wewe.